Ningaloo: Pwani ambako familia hukokota nyumba hadi ukingoni mwa matumbawe

KWA wakazi wengi wa pwani ya Kenya, tumbawe ni jiwe kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ndilo jiwe lililojengewa nyumba za kale za Lamu, misikiti ya Gedi na kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Likichomwa, hutoa chokaa. Waliolelewa ndani ya kuta hizo ni wengi, lakini ni wachache mno kati yao waliowahi kulitazama likiwa hai chini ya maji. Shughuli hiyo imeachiwa wavuvi, wapiga mbizi na watalii wanaopakiwa kwenye mashua zenye sakafu ya kioo huko Watamu na Malindi.

Ng'ambo ya pili ya Bahari iyo hiyo ya Hindi, katika jimbo la Australia Magharibi, mambo ni tofauti. Kila mwaka, hasa kati ya Aprili na Oktoba, maelfu ya familia za kawaida (za walimu, mafundi, wauguzi na wastaafu) hufunga nyumba zao, zikaunganisha nyumba nyingine ndogo nyuma ya gari na kushika njia ya kaskazini kuelekea mwamba wa Ningaloo. Wakifika, hawakodishi mashua wala kumlipa nahodha. Huvaa miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, wakatembea mchangani na kuingia majini. Hatua chache tu mbele yao, matumbawe huanza.

Ni jambo linaloonekana kuwa jepesi. Hata hivyo, wepesi huo umetokana na mambo kadhaa yaliyokutana mahali pamoja: maumbile ya nchi, tabia ya mikondo ya bahari, na uamuzi mmoja wa serikali uliotolewa mwaka 2003. Na tangu 2025, wepesi huo umeingia mashakani.

Nyumba nyuma ya gari

Karavani, kwa asiyeifahamu, ni chumba chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari na kukokotwa. Ndani mna vitanda, meko ya gesi, jokofu dogo, meza inayokunjwa na matangi ya maji; zilizo kubwa huwa na choo na bafu. Raia wa Australia wameupenda usafiri huu kiasi kwamba ni vigumu kupata mji wa pwani nchini humo usio na uwanja wa karavani. Mgeni hulipa ada ya usiku, akachomeka waya wa umeme na mpira wa maji, akatandaza turubai la kivuli na kuanza kupika chajio. Familia yenye watoto wanne haina haja ya vyumba viwili vya hoteli wala ya kula mkahawani mara tatu kwa siku.

Safari huanzia Perth, jiji kuu la jimbo hilo. Kutoka hapo hadi Exmouth, mji ulio karibu na ncha ya kaskazini ya mwamba, ni takriban kilomita 1,250, umbali unaouzidi kidogo ule wa kutoka Mombasa hadi Kampala. Lakini msafiri wa Mombasa hadi Kampala hupita miji na masoko njia nzima. Huku, baada ya Geraldton, kilomita 420 kutoka Perth, nchi huwa tambarare, kavu na yenye vichaka vifupi, na kituo kimoja cha mafuta kinaweza kuwa mbali na kingine kwa zaidi ya kilomita 100. Simu za mkononi hupoteza mawimbi kwa muda mrefu. Anayesafiri na watoto hubeba maji ya kutosha, tairi la akiba lililojaa upepo na jeki inayofanya kazi, kwa maana hakuna fundi wa kando ya barabara.

Sheria za jimbo hilo zinamkataza anayekokota karavani kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hata pale magari mengine yanaporuhusiwa kufika 110. Sababu yake hueleweka upesi mara lori linapokuja. Katika barabara za kaskazini malori hukokota trela tatu au hata nne, na mengine hupita mita 50 kwa urefu. Likipishana na karavani, upepo wake huisukuma pembeni, kisha huivuta. Karavani iliyopakiwa vibaya, mizigo mizito ikiwa nyuma ya magurudumu, huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na dereva mgeni hujikuta akitaka kukanyaga breki kwa nguvu, jambo ambalo huzidisha yumbo hilo. Wenye uzoefu hupanga vitu vizito katikati, chini, karibu na ekseli, na gari likianza kuyumba huondoa mguu kwenye mafuta polepole.

Hatari nyingine huja jua linapozama. Kangaruu hutoka vichakani kutafuta majani mabichi ya kando ya lami, na emu, ndege anayefanana na mbuni, hukatiza barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Ndiposa familia nyingi huanza safari asubuhi na kuegesha kabla ya saa kumi na moja jioni. Wengi huigawa safari kwa siku tatu au nne, wakichepuka hadi Ghuba ya Shark kuona pomboo wa Monkey Mia wanaokaribia ufuo, kisha wakipumzika Carnarvon, mji wa mashamba ya ndizi kando ya mto Gascoyne ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hutiririka chini ya mchanga.

Kibao cha barabarani kinachoonyesha mstari wa Tropiki ya Kaprikoni husimama muda mfupi kabla ya njia panda ya Coral Bay. Watoto hushuka hapo kupiga picha. Kutoka hapo, mwamba uko karibu.

Kwa nini mwamba uko karibu na ufuo

Mwamba wa Ningaloo una urefu wa takriban kilomita 260 hadi 300, kutegemea mahali anapoanzia mpimaji. Ni wa aina inayoandama ufuo, sawa na mwamba wa Kenya, tofauti na ule mashuhuri wa Great Barrier Reef upande wa mashariki wa Australia, ambao aghalabu huhitaji safari ya mashua ya saa nzima au zaidi. Mahali ambapo Ningaloo umekaribia nchi kavu, umbali haufiki mita 200; ulipojitenga zaidi, ni kama kilomita saba. Katikati kuna maji yasiyo na kina kirefu, yaliyokingwa na mawimbi makubwa.

La kushangaza ni kwamba mwamba huo upo hapo kabisa. Pwani za magharibi za mabara, mathalani ya Namibia au ya Peru, huwa na maji baridi yanayopanda kutoka vilindini, na matumbawe hayawezi kustawi. Australia Magharibi imeepuka hali hiyo kwa sababu ya mkondo unaoitwa Leeuwin, unaoteremsha maji ya joto kutoka tropiki kuelekea kusini kando ya pwani. Mkondo huo ndio uliowezesha bustani hiyo ya baharini kuota mahali ambapo ramani ya dunia haikuitarajia.

Jambo la pili ni ukame. Exmouth hupata kama milimita 250 tu za mvua kwa mwaka, na nyuma ya ufuo hakuna mto mkubwa unaotiririka daima. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wenye miili laini, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno unaotumia nuru ya jua kutengeneza chakula. Maji yakichafuka kwa udongo, nuru hupungua na mnyama hufukiwa. Wakenya wanalo somo hilo nyumbani. Mto Sabaki unapomwaga udongo mwekundu kaskazini mwa Malindi, mwamba unaoandama pwani ya kusini hukatika hapo, na mbele yake Tana nao huleta udongo wake. Ningaloo hauna Sabaki. Nchi iliyo kame kiasi cha kumtesa mkulima imeyafanya maji yake kuwa maangavu kama kioo.

Coral Bay na somo la kwanza la mrija

Coral Bay ni kijiji kidogo chenye viwanja vya karavani, duka la mikate na ufuo mmoja mpana. Hapa ndipo watoto wengi hufundishwa kutumia mrija. Mafundisho yenyewe hayana siri. Miwani hupimwa kwa kuibandika usoni bila mkanda na kuvuta hewa kwa pua; ikishika, imefaa. Mtoto huanza akiwa amepiga magoti katika maji ya kiunoni, uso majini, akipumua kwa mdomo polepole hadi hofu imtoke. Mrija ukiingia maji, hupulizwa kwa nguvu mara moja. Mapezi ya miguuni hufuata baadaye, kwa kuwa anayejifunza akiwa ameyavaa hupiga teke kila kitu kilicho karibu, matumbawe yakiwemo.

Nguo yenye mikono mirefu ni ya lazima. Anayeelea kifudifudi kwa saa moja huanika mgongo na mapaja kwa jua la tropiki bila kuhisi, maadamu maji humpoza. Upepo wa kusini huvuma kwa nguvu nyakati za alasiri na kuyatibua maji, hivyo asubuhi ndio wakati wa kuingia.

Yanayoonekana hapo si mageni kwa mvuvi wa Shimoni: pono wa rangi ya kijani na samawati, tafi, tewa wanaojificha mapangoni, taa waliojifukia mchangani, kasa anayekula majani ya bahari na mara mojamoja papa mdogo anayemkimbia mwanadamu. Ila kuna onyo moja ambalo wazazi hulirudia. Konokono wa baharini mwenye umbo la pia na madoa ya kupendeza asiokotwe kamwe, kwani baadhi ya jamii yake hurusha mwiba wenye sumu inayoweza kuua.

Ghuba ya kijiji hicho, iitwayo Bills Bay, ilipatwa na msiba mwaka 2022. Usiku kadhaa baada ya mwezi mpevu wa Machi au Aprili, matumbawe ya Ningaloo hutoa mayai na mbegu zao kwa pamoja, mengi kiasi cha kuyapaka maji rangi ya waridi. Kwa kawaida upepo na mikondo huyachukua. Mwaka huo bahari ilitulia, mayai yakajazana ndani ya ghuba, yakaoza na kumaliza hewa iliyoyeyuka majini. Samaki kwa maelfu walisukumwa ufuoni wakiwa wamekufa, na matumbawe ya hapo, yale yale ambayo vizazi vya watoto vilijifunzia, yakafa kwa sehemu kubwa. Msiba wa aina hiyo uliwahi kutokea hapo mwaka 1989, na baada ya miaka mingi mwamba ulijirudishia uhai. Hakuna mkono wa mwanadamu uliohusika moja kwa moja katika kuyaleta maji yale tulivu. Lakini matumbawe yanayojaribu kuota upya sasa yanaota katika bahari yenye joto zaidi kuliko ile ya 1989.

Mlango wa maji

Kilomita 150 kaskazini mwa Coral Bay ndipo ulipo Exmouth, mji uliojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha mawasiliano cha majeshi ya majini ya Marekani na Australia. Minara yake bado huonekana kutoka mbali. Mrefu kuliko yote hukaribia mita 390. Karavani hulizunguka rasi na kushuka upande wa magharibi hadi Mbuga ya Taifa ya Cape Range, ambako kambi zimepangwa kando ya ufuo. Hakuna umeme wala maji ya kunywa. Mbwa haruhusiwi, moto wa kuni umepigwa marufuku, na nafasi huwekwa miezi mingi kabla, kwa sababu likizo ya shule ya Julai hujaza kila kambi.

Ndani ya mbuga hiyo kuna Turquoise Bay, ufuo ambao picha zake zimezunguka dunia, na ambao ni lazima mtu auelewe kabla ya kuuingia.

Mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu ya mwamba na kumwaga maji yake upande wa ndani. Maji hayo hayawezi kurudi yalikotoka, kwa sababu mawimbi mengine yanayafuata. Hivyo hutembea sambamba na ufuo yakitafuta pengo, yaani ule mlango ambao manahodha wa Kenya huufahamu vyema, kwa kuwa ndiko majahazi hupitia. Yakiupata, hutoka kwa kasi kuelekea bahari kuu. Kadiri mawimbi ya nje yanavyokuwa makubwa, ndivyo maji mengi zaidi yanavyomwagika ndani, na ndivyo mlango unavyovuta kwa nguvu zaidi. Mtu aliyesimama ufuoni huona maji matulivu ya rangi ya feruzi na kudhani hakuna linalotembea.

Wageni huutumia mkondo huo kama gari la bure. Hutembea mchangani kuelekea kusini mita mia kadhaa, wakaogelea kutoka ufuoni hadi penye matumbawe, kisha wakalala juu ya maji bila kupiga hata teke moja. Mkondo huwabeba kaskazini, na mwamba hupita chini yao kama mandhari ya dirisha la garimoshi: vichaka vya matumbawe yenye matawi, mafungu yaliyoviringika kama mawe ya kusagia, makundi ya samaki yanayofunguka na kujifunga. Kabla ya kufika kwenye ulimi wa mchanga uliochomoza baharini, ni lazima watoke. Baada ya ulimi huo upo mlango.

Kosa la kawaida ni la mtu anayesema ataangalia tumbawe moja zaidi. Akipitwa na ulimi wa mchanga na kuanza kushindana na mkondo uso kwa uso, huchoka kabla ya kusonga. Wasimamizi wa mbuga wameweka vibao vinavyoeleza njia ya kuingilia na ya kutokea, na huwashauri wasio waogeleaji hodari, pamoja na watoto wadogo, kutumia upande wa pili wa ulimi huo, ambako ghuba imekingwa. Wapo wazazi wanaogawana zamu, mmoja majini na watoto, mwingine amesimama mchangani penye alama ya kutokea, akihesabu vichwa. Utaratibu huo unastahili kuigwa kokote kwenye mwamba wenye milango, Kenya ikiwemo.

Karibu na hapo pana Oyster Stacks, ambako hatari ni ya kinyume. Mwamba uko juu sana hivi kwamba maji yakipwa hakuna nafasi ya kuelea juu yake bila kuchubuka kifua na kuvunja matumbawe. Ni mahali pa maji yaliyojaa pekee, na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji huulizwa kwanza katika kituo cha wageni cha Milyering. Mvuvi wa Vanga angeyajua hayo kwa kuutazama mwezi.

Papa shilingi

Kuna mnyama mmoja wa Ningaloo asiyefikiwa kwa miguu. Naye ni papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye wavuvi wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mungu alipomuumba alifurahi mno hata akamrushia sarafu mgongoni, na ndizo madoa yake meupe. Hula viumbe wadogo wa kuelea anaowachuja majini, na hana habari na wanadamu. Kati ya Machi na Julai hukusanyika nje ya mwamba wa Ningaloo, msimu unaofuata ule wa matumbawe kutaga.

Kumwona huhitaji mashua yenye leseni na, kwa kawaida, ndege ndogo inayomtafuta kutoka angani. Gharama yake huwafanya baba na mama wengi kukuna kichwa. Masharti nayo ni makali: waogeleaji wasizidi 10 kwa wakati mmoja, wasimkaribie mwili kwa chini ya mita tatu wala mkia kwa chini ya mita nne, na asiguswe. Masharti hayo hulinda biashara sawa na yanavyomlinda samaki, kwa sababu papa anayesumbuliwa huzama vilindini, na hapo nauli ya kila abiria huwa imezama naye.

Uamuzi wa 2003

Yote hayo yangeweza kuwa na sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wawekezaji walipendekeza kujenga hoteli kubwa na bandari ya mashua za starehe mahali paitwapo Mauds Landing, kilomita chache kutoka Coral Bay. Hoja yao ilikuwa ile inayosikika pia Kenya: ajira, barabara, wageni wenye pesa. Waliopinga walihofia uchafu, mashua nyingi juu ya mwamba na kumalizika kwa enzi ambayo familia yenye karavani kuukuu ingeweza kufika mahali pale pale afikapo tajiri.

Kampeni hiyo ilivuma. Mwandishi wa riwaya Tim Winton, mmoja wa waandishi wanaosomwa zaidi nchini humo, alitoa pesa alizopata kwa tuzo ya kitabu chake Dirt Music, na mwaka 2002 zaidi ya watu 10,000 walijitokeza katika maandamano mjini Fremantle. Julai 2003, Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Geoff Gallop, aliukataa mradi huo. Mwaka uliofuata, hifadhi ya bahari iliyokuwa imeanzishwa 1987 ilipanuliwa kuufunika mwamba wote, na takriban thuluthi moja yake ikatengwa kuwa maeneo yasiyovuliwa kabisa samaki. Mwaka 2011, pwani ya Ningaloo iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya shirika la Unesco.

Wenyeji wa asili walikuwepo kabla ya hayo yote. Katika pango la Mandu Mandu, ndani ya Cape Range, wanaakiolojia walipata shanga za kome zenye umri wa zaidi ya miaka 30,000. Haki za jamii hizo juu ya ardhi zilitambuliwa na mahakama mwaka 2019, na wao sasa hushirikiana na serikali katika kuisimamia pwani hiyo, ambayo kwa lugha yao huitwa Nyinggulu.

Msomaji wa Mombasa au Diani atayapima mwenyewe haya. Kenya ilitangulia kwa mbali katika kulinda bahari: hifadhi za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968, karibu miaka 20 kabla ya ile ya Ningaloo. Kilichokosekana ni njia. Vijia vya kufikia ufuo vimezibwa na kuta za viwanja vya watu binafsi katika sehemu nyingi, na mtoto wa shule ya msingi ya Likoni huhitaji bahati kubwa ili avalishwe miwani na kuonyeshwa kilicho mita mia chache kutoka nyumbani kwao.

Joto lisilozuiwa na hifadhi

Gallop aliweza kukataa hoteli. Joto la bahari halikumwomba kibali mtu yeyote.

Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha majira ya joto kwa nyuzi moja au zaidi kwa wiki kadhaa, ule mwani unaoishi ndani ya tumbawe hugeuka kuwa mzigo, na mnyama huutoa. Kwa kuwa mwani ndio wenye rangi, mifupa myeupe huonekana. Tumbawe lililopauka bado li hai, lakini lina njaa. Joto likishuka mapema, hupona. Likiendelea, hufa, na majani ya bahari huota juu ya mifupa yake.

Kenya iliyaona hayo mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani yake yalipopauka na kufa. Ningaloo uliponea mwaka huo. Mwaka 2011 wimbi la joto liliathiri baadhi ya sehemu, hasa Bundegi iliyo ndani ya Ghuba ya Exmouth. Pigo kubwa lilikuja kati ya mwishoni mwa 2024 na miezi ya kwanza ya 2025. Maji ya joto yalikaa kwa miezi, na mwamba ukapauka kwa kiwango ambacho haukuwahi kushuhudiwa hapo. Katika msimu uo huo, Great Barrier Reef nao ulipauka upande wa pili wa bara. Miezi iliyofuata ilionyesha kwamba matumbawe mengi ya maji mafupi ya upande wa kaskazini, yaani hasa yale yanayofikiwa na familia kwa kutembea, yalikuwa yamekufa.

Hapo ndipo ukaribu wa mwamba huo ulipogeuka. Maji mafupi yaliyokingwa, yenye kumfaa mtoto wa miaka sita, ndiyo yanayopata joto upesi na kulihifadhi muda mrefu.

Anayefika sasa bado hukuta samaki, kasa, taa na maji ya feruzi, lakini mahali pengi matawi ya matumbawe yamefunikwa na majani ya rangi ya kahawia. Kupona, ikiwa hakutakuja wimbi jingine la joto, hutegemea mayai ya kila Machi na Aprili kupata mahali safi pa kushika. Na anayepasafisha ni pono. Samaki huyo ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na kutwa hukwangua mwani juu ya mwamba uliokufa. Watafiti wa mwambao wa Kenya walionyesha miaka mingi iliyopita kwamba pale samaki wa mwamba, kama vile kikande, wanapovuliwa kupita kiasi, viumbe wenye miiba waliokuwa wakiliwa nao huzidi na kuula mwamba wenyewe. Ndani ya hifadhi, samaki walipoachwa, hali ilikuwa nzuri zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya ile thuluthi moja ya Ningaloo isiyovuliwa.

Mtoto anayeelea hapo akinyamaza na kuacha kupiga teke, atasikia mlio kama wa mtu anayetafuna bisi. Ni pono wakila. Mawe wanayomeza husagika matumboni mwao na kutoka yakiwa unga mweupe, na sehemu kubwa ya mchanga ambao familia hizo hutandika taulo zao, ndani ya kivuli cha karavani, ulipita kwanza katika tumbo la samaki.